Mashine Zichorazo Picha Ziandikiwe Maelezo

Mtu atokaye Upanga leo, akashika njia ya Faya na kuingia Kariakoo kwa Mtaa wa Msimbazi, hupita mbele ya picha nyingi ambazo hazikuchorwa kwa mkono wa mtu wala hazikupigwa kwa kamera. Zimo katika mabango ya maduka, katika kadi za harusi, katika fulana, katika vibandiko vya sabuni na asali. Zimetengenezwa na kompyuta kwa kuambiwa maneno tu. Na kwa kuwa kazi za uchapaji za vikundi na ofisi za Unguja, Pemba na Mafia mara nyingi huvuka bahari kwenda kufanyiwa Kariakoo, kisha zikarudi na boti, jambo linalotendeka katika vyumba vya juu vya Upanga na Kariakoo ni jambo letu sisi watu wa visiwa pia.

Uzuri na ubaya wa picha hizi umekwisha kuandikwa sana, na hatukusudii kuurudia. Tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi hukiona kidogo, nacho ni maandishi yanayoeleza zana zinazotengeneza picha hizo: zinaitwaje, zinafanya nini, zinataka nini, na zinashindwa wapi. Hasara nyingi zinazolaumiwa mashine zimeanzia katika maandishi hayo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mambo yamebadilika upesi. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza programu ya DALL-E, na katika mwaka 2022 zikatoka Midjourney na Stable Diffusion, hii ya mwisho ikiwa imeachwa wazi hata mtu aweze kuiendesha katika kompyuta yake mwenyewe. Wakati huo mtu alikaa mbele ya mashine, akaandika maneno, akatazama picha, akabadilisha maneno, mpaka akaridhika. Alikuwa bwana wa kazi yake. Baadaye akaingia kati wa pili, ambaye si mtu, nae huitwa wakala. Wakala ni programu ya akili bandia (wengine husema akili mnemba, na wengine akili unde, wenye lugha wangali wakivutana) inayopewa kazi nzima kwa maneno ya kawaida, kisha yenyewe ikachagua zana za kuifanyia. Unamwambia akutengenezee kibandiko cha sabuni, nae anaita zana ya kuchora, anaita zana ya kukata, anaita zana ya kupanga herufi, na mwisho anakuletea faili.

Wakala huyo haoni ndani ya zana. Anachopewa ni orodha. Katika orodha hiyo kila zana ina jina lake, ina sentensi mbili tatu za kueleza kazi yake, na ina vigezo: hapa weka agizo la picha, hapa weka upana na urefu, hapa weka idadi ya picha, hapa weka namba ya mbegu, yaani namba ambayo ukiirudia pamoja na agizo lile lile na mipangilio ile ile, aghalabu utapata picha ile ile. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, iliyoweka namna moja ya kuandika orodha hizo, ili zana aliyoitengeneza huyu iweze kutumiwa na wakala wa yule. Itifaki hiyo imeenea haraka. Lakini itifaki hupanga visanduku tu. Haimlazimishi mtu kutia ndani ya visanduku maneno ya kweli wala ya kutosha.

Waliosoma chuoni zamani watakumbuka barua za wazee wetu zilizoandikwa Kiswahili kwa harufi za Kiarabu bila irabu. Harufi ya be ilisimama mahali pa b, na pa p, na mara nyingine pa mb. Barua ya namna hiyo ilisomeka vizuri kabisa kwa mtu aliyekwisha kuijua habari yenyewe. Mgeni alibaki kukisia. Maelezo mengi ya zana za leo yameandikwa hivyo hivyo. Mwandishi aliijua zana yake, akaona neno "ukubwa" linatosha. Ukubwa wa nini? Kwa kipimo gani? Mwisho wake wapi? Na wakala hana haya ya mwanachuo ya kunyamaza akikwama. Akikuta pengo hulijaza kwa kukisia, tena kwa lugha ya kujiamini.

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama wa Paje, wakulima wa mwani wanaotengeneza sabuni, wanataka kibandiko cha sabuni na bango la maonyesho. Wanampelekea kazi kijana mwenye duka la uchapaji Kariakoo. Kijana anamwagiza wakala wake picha ya mama wa pwani aliyejitanda khanga, anavuna mwani maji yakiwa yamekupwa, jua la asubuhi, na chini yake jina la kikundi. Ni agizo safi la Kiswahili, lisilo na lawama. Sasa tulifuate.

Linakutana kwanza na lugha. Stable Diffusion ya mwanzo ilifunzwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza, na sehemu yake inayosoma agizo hupokea vipande 77 vya maneno, basi. Kwa kuwa mkato wa vipande hivyo ulipangwa kwa Kiingereza, neno moja la Kiswahili kama "aliyejitanda" hukatwa vipande kadhaa, nafasi ikajaa upesi, na kilichobaki mwishoni kikatupwa. Mteja haambiwi. Ikiwa maelezo ya zana yamelitaja jambo hili, wakala atalifasiri agizo na kulifupisha kabla ya kulipeleka. Yakinyamaza, na agizo likiwa refu, jina la kikundi lililowekwa mwisho ndilo litakalopotea.

Kisha ukubwa. Picha za programu hiyo ya mwanzo zilikuwa za nukta 512 kwa 512. DALL-E 3 ya mwaka 2023 ilianzia nukta 1024 kwa 1024. Mchapaji anayetaka picha safi ya kushikwa mkononi huhesabu nukta 300 kwa kila inchi. Gawanya mwenyewe, ndugu msomaji: 1024 kwa 300 ni inchi tatu na kitu, chini ya sentimita 9. Kwa kibandiko cha sabuni hapana taabu. Bango la mita 3, hata likihesabiwa nukta 100 tu kwa inchi kwa sababu hutazamwa kutoka mbali, linataka karibu nukta 12,000 kwa upana wake. Maelezo yasiposema mpaka wa zana uko wapi, wakala ataitanua picha ndogo mpaka uso wa yule mama uwe kama umefunikwa na ukungu, na mita za bango zitalipiwa zote kama kawaida.

Rangi nazo zina mambo yake. Zana hizi hutoa picha za rangi za nuru, nyekundu, kijani na buluu, kama zionekanavyo kwenye kioo cha kompyuta. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa rangi nne. Bahari ya Paje inayong'aa kwenye kioo hutoka kwenye karatasi imepauka. Wachapaji wa Kariakoo wanalijua hilo tangu zamani na hawahitaji kufundishwa na mtu. Wakala halijui mpaka aandikiwe. Na zana nyingi hulipisha kwa kila picha: kigezo cha idadi kisipowekewa mpaka, wakala asiyeridhika ataomba picha tena na tena, na hesabu inaendelea kwa dola.

Khanga tumeichelewesha makusudi, maana ndiyo inayotuuma zaidi. Khanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yake, chini ya mji karibu na pindo la urefu. Hununuliwa kwa doti. Nenda maduka ya Mtaa wa Uhuru ukamwombe muuzaji "kitambaa cha maua chenye maandishi" uone atakavyokutazama. Lakini mashine, ikiachwa peke yake, huchora kitu hicho hicho: kitambaa cha maua kinachoweza kuwa cha nchi yoyote ya Afrika, kisicho na pindo wala mji, na mahali pa jina pana michirizi iliyofanana na herufi bila ya kuwa herufi. Zana za mwanzo hazikujua tahajia kabisa; zilijifunza umbo la maandishi kama zilivyojifunza umbo la majani ya mti. Tangu mwaka 2023 zimekuwa zikitengenea, na leo zilizo bora huandika maneno yanayosomeka, ingawa Kiingereza huandikwa vizuri kuliko Kiswahili. Sasa mtu wa Bara ya mbali anaweza kusema kosa la herufi mbili si kitu. Aliyeishi na wanawake wa pwani hatasema hivyo. Jina la khanga husomwa kabla ya rangi yake kutazamwa, na lipo jina lililopata kuvunja nyumba. Hata khanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe avaayo bibi harusi, ambayo aghalabu haina jina, mashine huitilia maneno kwa kuwa imezoea kuona khanga nyingine zina maneno.

Dawa ya kasoro hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji sentensi chache katika maelezo ya zana: kwamba zana hii isiagizwe kuandika maneno, bali iache nafasi tupu, na maneno yapangwe na zana ya herufi, kwamba khanga ina sehemu tatu, na agizo litaje kila sehemu kwa jina na mahali pake, kwamba kisutu kiachwe bila maneno. Wakala akizisoma sentensi hizo hutenda sawasawa nazo. Ni msikivu kuliko wanafunzi wengi tuliowahi kuwafundisha.

Ni haki tuseme kwamba mifano mizuri ya maelezo ipo, na mwenzetu wa upande huu wa Afrika ana mkono wake ndani. Mwaka 2018 kundi la wataalamu, wakiwamo Margaret Mitchell na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, walipendekeza kila mfumo wa akili bandia ufuatane na kadi inayotaja umefanyiwa nini, umepimwa kwa watu gani, na usitumiwe wapi. Gebru na wenzake walipendekeza pia hati ya maelezo kwa kila mkusanyo wa data, kwa kuiga karatasi inayofuatana na vipuri vya umeme kutoka kiwandani. Stable Diffusion ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa na kadi ya namna hiyo, nayo ilisema wazi: haichori maandishi yanayosomeka; ilifunzwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza na haitafanya vizuri kwa lugha nyingine; na desturi za watu weupe na za nchi za Magharibi ndizo inazozishika mara nyingi pale isipoambiwa vinginevyo.

Kadi hiyo ilisema kweli tupu. Ila iliandikwa isomwe na wanadamu, kwa Kiingereza, katika ukurasa wake peke yake. Aichukuaye programu hiyo akaifunga ndani ya zana ya wakala ni rahisi mno kwake kuandika "Hutengeneza picha kutokana na maneno," akaona kazi imekwisha. Onyo lote limebaki nje ya mlango. Tumepata kuyasoma maelezo ya zana kadhaa za namna hiyo, na tunasema bila kuficha kwamba mengi yameandikwa kwa uvivu.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Hesabu zikaharibika, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, marufuku iliyoichukua hata televisheni kwa upande wa Bara. (Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, na wazee wa Visiwani hulitaja jambo hilo kwa tabasamu mpaka leo.) Waliochunguza habari ile wanataja upungufu wa wataalamu wazalendo na kuwategemea wageni katika kuiendesha mitambo. Mitambo ilikuja, ujuzi wa kuieleza haukuja nayo. Marufuku ililegezwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotiwa Kiswahili. Walioifanya kazi ile walilazimika kwanza kukubaliana juu ya msamiati: faili iitwe nini, dirisha liitwe nini, kuhifadhi kuitwe nini. Kazi ya namna hiyo, kwa zana za picha, bado haijafanywa kwa upana unaotosha. Maneno tuliyoyatumia hapa, wakala, zana, kigezo, agizo, mbegu, nukta, ni mapendekezo yanayofaa, na BAKITA na BAKIZA wana haki ya kuyakataa wakitupa mengine.

Wapo watakaouliza kwa nini maelezo yaandikwe Kiswahili ikiwa wakala anasoma Kiingereza. Tunajibu kwamba wakala si msomaji pekee. Kijana wa duka lazima ajue zana yake imeandikiwa nini ili aweze kuisahihisha. Ofisa anayeidhinisha malipo lazima ajue kilichonunuliwa. Mama wa Paje naye, anapokataa picha, lazima aweze kuonyeshwa ni neno gani lililokosewa.

Liko na suala la mali na nyuso za watu. Upanga ndipo palipokuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, alipofanyia kazi George Lilanga, na mashetani wake wakajulikana dunia nzima. Mwaka huo huo wa 1972 alifariki Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora juu ya vibao kwa rangi za mafuta huko Msasani miaka michache tu kabla ya hapo, na waliomfuata wakaendeleza mtindo uliochukua jina lake. Leo ukimwagiza wakala picha "kwa mtindo wa Tingatinga", inakuja kwa sekunde chache. Maelezo ya zana yanapasa kusema imejifunza kwa picha za nani, na kama kazi ya mtu imo ndani bila idhini yake. Si jambo la kudhania tu. Mkusanyo wa LAION-5B, wenye picha bilioni 5.85 pamoja na maelezo yake, ambao sehemu zake zilitumika kufunza Stable Diffusion, uliondolewa kwa muda mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kukuta ndani yake picha za watoto waliodhulumiwa. Wenye mkusanyo hawakuwa wamezitazama picha hizo moja moja, na nani angeweza?

Na ikiwa kijana wa duka atamtumia wakala picha halisi za akina mama wale ili zifanywe mfano wa kuchorea, picha hizo zinakwenda wapi? Zinahifadhiwa katika nchi gani, na kwa muda gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusika pia na kusafirisha taarifa za mtu nje ya nchi, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Zana isiyotaja habari hiyo katika maelezo yake inamweka mwenye duka mahali pabaya bila ya yeye kujua.

Jambo moja zaidi kwa maofisa hasa. Mwaka 2025 wataalamu wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba mtu mwovu anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana yenyewe. Mwanadamu anaona sentensi ya kawaida juu ya kuchora picha. Wakala anasoma chini yake amri ya kupeleka mafaili mahali pengine, naye anatii, kwa kuwa kwake yote ni maandishi ya zana. Kwa hiyo ofisi ya umma inayochukua zana ya bure kutoka kwenye intaneti na kumfungulia wakala wake bila mtu mmoja kusoma maelezo mstari kwa mstari imemwacha mlango wazi mtu isiyemjua.

Tunapendekeza kwamba mikataba ya ofisi za Serikali zote mbili na ya halmashauri inayohusu mabango, vipeperushi na kalenda iwe na sharti kwamba mchapaji anayetumia wakala akabidhi, pamoja na kazi, orodha ya zana zilizotumika, maelezo yake, agizo lililopelekwa na namba ya mbegu. Orodha hiyo haizidi ukurasa mmoja. Picha yenyewe nayo itajwe kwamba imetengenezwa na kompyuta, kwa maandishi yanayoonekana, maana alama zinazofichwa ndani ya faili mara nyingi hufutika picha ikishapitishwa mitandaoni. Vyuo vyetu vya ufundi vingefanya vizuri kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika maelezo ya zana moja kila mmoja, wakisahihishwa na watu wa kazi yenyewe: fundi wa uchapaji kwa habari ya wino, mkulima wa mwani kwa habari ya mwani, muuza khanga kwa habari ya khanga.

Msimu wa Sabasaba ukikaribia vikundi vya Visiwani huanza kupeleka kazi Kariakoo. Mwenye duka asiye na nafasi ya kuandika mengi kabla ya hapo anaweza kuanza kwa kuongeza mistari hii katika maelezo ya zana yake ya kuchora: "Zana hii hutoa picha za nukta 1024 kwa 1024, rangi za nuru, zisizofaa kwa bango. Usiiagize kuandika maneno. Usizidishe picha 4 bila kumwuliza mwenye kazi. Khanga ina pindo, mji na jina; mteja asipotaja jina, muulize, usilitunge."